Soma Kabla Treni Haijafika Kibera

Minayo mwanangu,

Kama umenisikiza, na siku hizi sina hakika kama kuna mtu ananisikiza, basi umefungua bahasha hii ukiwa tayari umekaa kwenye kiti na treni imeshaanza kutembea. Soma haraka. Kutoka mjini mpaka Kibera si mbali, na mwisho wa barua hii una kazi. Ukianza kupiga gumzo na jirani yako wa kiti kama ilivyo desturi yako, itakupita, na treni hairudi nyuma kwa sababu ya mtu mmoja.

Sasa hivi ninapoandika ni jioni, wewe uko Kawangware umeenda kumuaga shangazi yako, na utalala huko. Kesho utapita hapa kuchukua begi. Nitakupa bahasha, nitakuambia sikusindikizi stesheni, kisha nitageuka nipange nyanya zangu. Utanuna. Nitakuacha unune, maana nikifungua mdomo nitalia mbele ya wateja, na mteja akimwona muuza mboga analia anadhani dagaa zangu, hizi omena, zimeharibika.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kumpigia shangazi yako simu, hayo unayajua. Sina nafasi nayo hapa. Mkono wangu unatetemeka tangu jana na nina jambo moja tu la kukuambia, lakini siwezi kulianzia mkiani.

Nilianza kushtuka siku ile uliponiambia umepata kazi. Nilipiga vigelegele mpaka watu wa Kambi Muru kule ng'ambo wakasikia, ndipo nikakumbuka kuuliza ni kazi gani.

"Mathe, ni stesheni ya zamani, huko juu ukishapita Molo," ukasema. "Treni haisimamangi huko siku hizi. Wameweka mabehewa mazee kando ya reli, wageni wanalala ndani. Mimi nitakuwa nawatembeza nikiwapea stori za reli."

"Wanalala ndani wakienda wapi?"

"Hawaendi mahali. Behewa imesimama tu."

"Haina injini?"

"Haina."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa, Mathe. Na lazima ubook mapema."

Nilikalia gunia la viazi. Mtu atoke kwao na ndege, avuke bahari, apite Nairobi yote na majumba yake, apande mpaka kwenye baridi ile, atafute stesheni ambayo treni yenyewe imeitoroka, alale ndani ya behewa lisilokwenda popote! Ukaniambia kuna watu wanapenda hivyo, wanazunguka dunia wakitafuta reli zilizokufa na kupiga picha vibao vya stesheni. Nikakuambia hao ni wagonjwa. Ukacheka, ukaniongezea ingine: ati kule ziwani kuna meli yenye reli tumboni, mabehewa yanaingia ndani yakiwa na magurudumu yake, yanavuka maji, yanatoka upande wa pili.

"Treni inapanda meli?"

"Inapanda, Mathe."

"Na siku meli ikitaka kupanda treni?"

Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekumbuka wale wageni waliokuja mwaka jana na kamera zao, wakasimama pale kwenye laini, juu ya reli tunakotandaza biashara zetu, wakinipiga picha nikiinua karai la omena ili treni ipite. Nilidhani wamepotea njia. Kumbe walikuwa wamefika. Mimi na omena yangu ndio kitu walichotoka mbali kuja kuona, na hakuna aliyeniambia.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonichoma ni ulichosema baadaye, siku ile ile, ukiosha vyombo.

"Mathe, mimi nitaenda. Lakini sitaki kukuacha hapa na jirani yako Mama Otis hamwongei. Ukishikwa na homa usiku, nani atagonga mlango?"

Nikakujibu, "Mwizi hagongi mlango. Mwizi huvunja."

Uliweka sahani chini polepole.

Ukoo wa taa, ile iliyotutenganisha na Mama Otis, unaujua nusu, na nusu unayoijua ni ile niliyokulisha mimi. Ngoja nikupe yote.

Baba yangu, babu yako ambaye hukumkuta, alifanya kazi ya reli, lakini si kwenye treni. Alisukuma toroli. Ilikuwa ni meza ya mbao yenye magurudumu manne ya chuma, na juu yake kiti cha mkaguzi. Mkaguzi anakaa na kofia yake na mwavuli, wanaume wanne wanakimbia nyuma, miguu mitupu juu ya chuma chenyewe, kile chuma chembamba, wanasukuma. Toroli ikishika mwendo wanarukia nyuma kupumzika, ikichoka wanashuka tena. Walikimbia hivyo milimani na mabondeni. Nilipokuwa mtoto nilimwomba aniambie nchi inafanana vipi huko alikopita. Alinishangaza. Alisema hajui.

"Ukisukuma unaangalia reli chini ya kidole cha mguu," akasema. "Ukiinua macho unaanguka. Nimepita kila mahali na sijaona mahali."

Miguu ilipomshinda wakampa kazi ya taa. Ile taa ya mkono ya reli, ya chuma, nzito kama mtoto wa miezi sita, unaizungusha kichwa inatoa nyekundu, unaizungusha tena inatoa kijani. Alipostaafu alikuja nayo nyumbani. Alisema alipewa. Mimi sikuuliza, na wewe usiulize.

Ndiyo niliyoletewa mimi hapa Kibera, Gatwekera, baada ya mazishi yake. Unaikumbuka? Ulikuwa hutaki kulala mpaka nikuwashie. Nyekundu, unasimama katikati ya nyumba umeshika ukanda wa kanzu yako ya kulalia, unapuliza "shuu, shuu." Kijani, unatembea mpaka kitandani ukipiga honi, na baba yako anainua miguu ili treni ipite. Nyumba ya chumba kimoja, na bado tulikuwa na stesheni mbili.

Kisha baba yako akatutoka. Siku za matanga, jioni ile watu walipokuwa wamejaa nje, niliingia chini ya kitanda kutafuta taa. Nilitaka iwake pale nje usiku kucha, ndivyo tulivyomfanyia babu. Taa haikuwepo. Nilipekua kila kitu. Haikuwepo. Na wewe unajua Baba Otis, jirani yetu wa ukuta mmoja, kazi yake ni kununua vyuma vikuukuu. Akili yangu haikutembea hata hatua mbili. Nilitoka nje. Mama Otis alikuwa ameinama juu ya sufuria, ameshika mwiko, anasonga ugali wa waombolezaji wetu, jasho linamtiririka kwa ajili ya mume wangu. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mume wake ameiba taa ya baba yangu akaiuza kwa kilo.

Alimaliza kusonga ule ugali, akaupakua, akawapa watu, akaosha mikono, akaingia kwake. Tangu siku hiyo tumekaa, bati moja tu katikati yetu, nasikia akikohoa, anasikia nikisali, na hakuna salamu.

Sasa jana.

Uliposema unataka kunipeleka kwenye treni kabla hujaondoka, nilikataa. Miaka yote nimeishi kando ya reli na sijawahi kuipanda; treni nilidhani ni ya watu wenye mahali pa kwenda. Ukanibembeleza, tukatembea mpaka mjini, ukakata tiketi, ukanikalisha dirishani. Nilitaka upande wa pili, wenye kivuli. Ukakataa. Ukasema, "Hapa, Mathe, hapa ndio poa." Nilifikiri ni ukaidi tu.

Aibu niliyokutia najua umeshaisimulia Kawangware yote, lakini nami niiandike. Tulipokaribia Kibera treni ikapiga honi. Mwili wangu haukuniuliza. Nilisimama, nikanyakua begi la mama aliyekaa mbele yangu, nikanyakua na mkungu wa ndizi wa mwingine, nikapiga kelele, "Toeni vitu! Toeni vitu, inakuja!"

Behewa zima likageuka kuniangalia. Kisha kijana mmoja akasema, "Mathe, inakuja wapi na tuko ndani yake?"

Walicheka, ukacheka, na mimi nikacheka huku nimekumbatia ndizi za watu. Maisha yangu yote honi ya treni ina maana moja tu kwangu: inua. Sikujua kuna watu ambao kwao haina maana yoyote.

Ndipo nikaangalia nje. Niliona laini yetu, wenzangu wote wamesimama kando na makarai mikononi, mboga kifuani, wakingoja tupite. Yule niliyemwachia genge langu alikuwa pale pale. Nikampungia mkono kwa nguvu. Aliniangalia machoni, mwanangu, machoni kabisa, akaendelea kufuta nyanya. Hakuniona! Anaiona treni, hamwoni mtu. Nikajiuliza ni watu wangapi wamenipungia mimi miaka hii yote, nami nikifuta nyanya.

Na kabla sijamaliza kujiuliza tukafika kwetu, na nikaona mabati yetu kwa juu.

Paa letu unajua limeinamia nyuma. Aliye chini haoni kitu, hata akitembea juu ya reli. Lakini dirisha la treni liko juu zaidi. Mabati ya Gatwekera ni dunia nyingine! Mawe, tairi, viatu vya mguu mmoja, sufuria zilizotoboka, kila mtu ameweka kizito alichonacho ili upepo usimfunue. Nikahesabu nyumba kwa macho: ya kinyozi, ya Mama Otis, yetu. Na juu ya yetu, kati ya jiwe na jiko bovu, vipande vya gunia lililooza vimeizunguka, imelala ubavu, imeshika kutu: taa ya baba yangu.

Nilibandika paji la uso kwenye kioo. Uliniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikasema ni vumbi limeniingia jicho. Vumbi! Na dirisha lilikuwa limefungwa.

Wajua kilichonipasua moyo si kuiona. Ni kwamba pale pale nilijua nani aliiweka. Ulikuwa darasa la nne. Ilikuja ile mvua ya mawe na upepo, stima zikapotea, bati likaanza kupiga kama linataka kwenda zake. Baba yako akapanda juu ya pipa kule nyuma, mimi nikawa nampa vitu gizani, yeye anavisukuma juu kwa ufagio. "Nipe kizito!" Nikampa jiwe. "Kingine!" Nikampa lile jiko. "Kingine, haraka!" Nikaingiza mkono chini ya kitanda, nikashika gunia lenye chuma ndani, nikampa bila kulifungua. Kwa mikono yangu. Hii hii inayoandika. Bati likatulia, tukaingia ndani tukachemsha chai, tukacheka kwamba tumeishinda mvua. Baadaye baba yako akaugua, akaenda, na mimi nikatafuta mwizi. Palipovuja sikuita fundi, niliweka karai chini, na kila nikimwaga maji ya lile karai nilimlaani Baba Otis.

Usiku sikulala. Leo ulipotoka tu kwenda Kawangware, nikasema nitaishusha hiyo taa kabla jua halijazama, hata kama itaniua. Pipa lenyewe lilishaoza. Nilihitaji ngazi. Na katika ploti hii yote, Minayo, mwenye ngazi ni mmoja.

Nilisimama mbele ya mlango wa Baba Otis mpaka watoto wakaanza kuniangalia. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Minayo."

Kisha mlango ukafunguka kidogo, Mama Otis akatoa uso. Amezeeka. Namwona kila siku na sikuwa nimeona.

"Nimekuja kuomba ngazi," nikasema.

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. Unajua alisema nini? Aliniuliza, "Kwani ulipanda treni?"

Nikashika mwimo wa mlango.

"Ulijua?"

"Naendanga job na hiyo treni kila asubuhi. Gunia ilianza kuoza, nikaiona. Naionanga kila siku."

"Na hukuniambia! Miaka yote hii, Mama Otis!"

"Ningekuambia nini? Taa iko juu ya nyumba yako? Ungeniuliza nani ameiweka. Ungesema Baba Otis ameogopa, ameirudisha usiku. Ama ungesema nini?"

Alikuwa amesema kweli, haki ya Mungu. Ningesema hivyo hivyo. Ningesema hata kwa sauti kubwa zaidi. Mtu alikuwa na ushahidi wa kujitoa kwenye aibu, anaupita kila asubuhi akienda kazini, na hakuweza kuutumia kwa sababu ya mdomo wangu.

"Hata huyo msichana wako anajua," akaongeza. "Aliiona akienda college. Alikuja hapa analia, anataka kupanda aitoe. Nikamwambia wacha. Mama yako lazima aone na macho yake, ama hataamini mtu."

Minayo! Kumbe ulijua! "Hapa, Mathe, hapa ndio poa." Na uliniangalia ukaniuliza kama niko sawa! Sijui nani alikufundisha subira hiyo, maana hapa kwangu hukuipata. Nimekasirika nawe na nimekushukuru, vyote pamoja, na sijui kipi kimetangulia.

Nikamwambia Mama Otis, "Nimekuja pia kwa kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Nilimwita mzee wako mwizi."

"Uliniambia mimi peke yangu?"

"Hapana. Mbele ya watu."

"Basi," akasema. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Alingoja tu. Nami si mjinga kiasi hicho; lililosemwa mbele ya watu halifutwi mlangoni kwa kunong'ona.

Lakini utawakusanyaje watu wa Gatwekera? Kila mtu ana shughuli zake, mmoja anakusikiza, wawili wanaondoka. Nikaenda kwenye genge langu nikangoja. Honi ikalia. Watu wote wa laini wakainua makarai, wakasimama pande mbili, mikono imejaa, hakuna wa kwenda popote. Mama Otis alikuwa amesimama mlangoni kwake. Behewa la mwisho likapita, na kabla hawajaweka vitu chini nikapaza sauti. Nikasema taa ya baba yangu haijaibwa. Nikasema iko juu ya mabati yangu, na ni mimi niliyeipandisha. Nikasema Baba Otis si mwizi, hajawahi kuwa mwizi, na mimi ndiye niliyeiba jina lake nikakaa nalo. Nilitaka kusema mengine, nikashindwa, nikalia waziwazi kama mtoto.

Wamesimama na makarai yao. Mwishowe muuza viazi mmoja akauliza, "Mama Minayo, tuweke chini, ama kuna ingine?"

Watu wakaangua kicheko. Na nilimwona Mama Otis akifunika mdomo kwa leso. Sijui alikuwa anacheka au analia, hakuniruhusu nione.

Baba Otis akaja na ngazi begani. Aliisimamisha, akaishika kwa mikono miwili, akanionyesha kwa kichwa nipande. Nilipanda, Minayo, na huko juu nikafikiria kwamba mtu aliyenishikilia nisianguke ni yule yule niliyemwita mwizi. Nilishindwa kusonga. Akasema kutoka chini, "Shuka polepole, Mama Minayo. Hiyo bati imeoza." Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu matanga.

Nilipoifikisha taa mkononi mwake aliigeuza, akaigonga kwa ukucha kama anavyogonga vyuma vyake vyote. "Hata ningekuwa mwizi," akasema, "hii singeiba. Angalia, haina faida."

Ameisugua kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka kutu ikatoka. Ametia utambi mpya. Inawaka. Ila mvua ya mawe iliipata huko juu, na kioo kimoja kimevunjika kabisa, hakuna hata kipande.

Usidhani tumerudi pale tulipokuwa. Hatujarudi. Nilimpelekea Mama Otis chai, akainywa nusu. Nikamwambia nitamsalimia kesho, akasema "tutaona." Kuna miaka ambayo nimeitupa na hakuna ngazi ya kuifikia. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa nyuma ya ukuta huu, nilimsikia akilia mara ya kwanza, nami nikageuza uso nikalala. Hiyo hairudi. Nakuambia ili siku moja ukiwa na hakika kabisa juu ya mtu, hakika ile tamu inayokupa nguvu, ukumbuke mama yako alikuwa nayo pia, na ilikuwa juu ya kichwa chake ikivuja.

Lakini nilipokuwa natoka Mama Otis aliniuliza, "Kesho utaenda kumsindikiza?" Nikamwambia hapana, nina wazo lingine. Nikamweleza. Akafikiria kidogo, akasema, "Huo mkono wako unatetemeka. Nitakuja nishike upande mmoja."

Hii ndiyo kazi yako sasa. Umekaribia. Kaa upande ule ule ulionikalisha jana. Kama mtu amekaa hapo, mwombe, mwambie ni mama yako amesema. Futa kioo. Ukisikia honi, usiinue begi kama mimi. Angalia nyumba ya kinyozi, ya Mama Otis, kisha yetu. Giza litakuwa linaingia, lakini utatuona. Tutakuwa tumesimama wawili kando ya reli, na nimewaambia wenzangu kesho mimi siinui kitu. Wao watainua vyangu, mikono yangu ina kazi.

Babu yako alisukuma nchi nzima na hakuiona. Mimi niliangalia treni maisha yangu yote na sikuona aliyekuwa ndani. Wewe nenda ukakae kwenye behewa lako lisilokwenda popote, na wagonjwa wako wenye kamera, uwaonyeshe. Inua macho. Hutaanguka.

Kioo kilichovunjika ni kile chekundu. Hata nikitaka kukusimamisha, mama, na Mungu anajua nataka, taa hii haiwezi tena. Imebaki na kijani peke yake.

Angalia nje sasa.

Ni mimi mama yako, na mkono wa pili ni wa Mama Otis.